Mama ana miaka 74 na mtaro umemfungia nyumbani, nianzie wapi?

Wadau, hamjambo. Niko Kisumu na mama yangu, magoti yanamsumbua. Zamani kila Jumapili alijikokota na mkongojo wake hadi soko la Kibuye, akipumzika kibarazani kwa fundi viatu. Mwaka jana barabara ya mtaani ikatiwa lami, tukashangilia. Kumbe ukingo wa njia ya miguu umeinuliwa karibu ufike goti, na mtaro unavukwa kwa ubao mmoja. Juzi nilimkuta ameketi juu ya jerikeni, akiugongagonga ule ubao kwa mkongojo kama mvuvi anayepima kina. Akarudi ndani.

Msiniambie tuktuk. Anachotaka ni kutembea.

Najua Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika jamii, na ya 37 inaniruhusu kupeleka maombi kwa mamlaka. Je, nipitie kwa mwakilishi wadi au niende bunge la kaunti moja kwa moja? Kuna aliyewahi kufanikiwa kupata mteremko, hata benchi tu? Fundi wa kumwaga zege ninaye, ila naogopa kushtakiwa kwa kugusa barabara ya umma.