Tupeane uzoefu: vituko vya Volkswagen ya mgongo wa kobe

Mtaa wa Pili
Wakuu, asubuhi imepita Kobe moja Magomeni, rangi imebaki upande mmoja, inaunguruma kama cherehani ya fundi aliyechelewa sikukuu. Vijana wa kituoni wakacheka: injini nyuma, buti mbele, rejeta haina. Hawajaona robo ya vituko vyake. Mnaoifahamu, mwageni.

Naanza na mlango. Raba zikiwa nzima, hewa haipiti popote, kwa hiyo mlango wa mwisho haufungi mpaka kioo kimoja kishushwe upana wa kidole. Mgeni atabamiza mara tatu na gari zima litatikisika. Anayeijua anashusha kioo, anavuta kwa vidole viwili, umeisha.

Spana 13
Kweli tupu. Na tairi la akiba je? Modeli za mwishoni mwa miaka ya 1960 kuendelea, maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi hilo. Pampu haipo. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye tairi hadi kwenye chupa ya maji. Tairi lijazwe psi 42, na kuna kivali kinachokata upepo kabla tairi halijaisha nguvu. Kivali kikichoka, kioo kinang'aa, halafu siku ya pancha unakuta akiba imelala kama chapati. Kila mkipima upepo, mpime matano, si manne.

Bi Kabureta
La tano ndilo la kwanza kupimwa.

Mzee wa Gerezani
Zile za kabla ya 1962 hazina hata geji ya mafuta. Kuna koki chini ya dashibodi, karibu na miguu. Gari likianza kukohoa, unaigeuza kwa ncha ya kiatu unapata lita 5 za akiba. Kazi ni kukumbuka kuirudisha. Ukijaza tangi na koki imebaki kwenye akiba, safari inayofuata hakuna kukohoa wala onyo, linazima moja kwa moja. Wazoefu hutembea na kijiti: fungua boneti, chovya tangini, soma. Tangi ni la lita 40 na si la mraba, kwa hiyo alama zichorwe kwa kumimina lita tano tano kwa kipimo. Ukizigawa kwa rula zitadanganya.

Reli ya Tanga
Mmeacha kubwa kuliko yote. BETRI.

Betri ya Kobe inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kiti chenyewe ni springi tupu, juu yake makumbi na kitambaa. Betri ya asili ilikuja na mfuniko. Mfuniko ukipotea, nao hupotea siku ya kwanza ya kubadilisha betri, au fundi akiweka betri ndefu kuliko inayotakiwa, basi atakayekaa pale ndiye swichi. Mtoto akikaa, salama. Wapande watu wazima watatu waliovaa kwenda harusini, gari liingie shimoni: springi inashuka, inagusa pole (kichwa cha betri) ya chanya huku upande mwingine imeegemea bodi. Inakuwa nyekundu kama waya wa jiko la umeme. Makumbi yanashika moto.

Wa kwanza kujua si dereva. Ni yule wa nyuma kulia. Anaanza kwa kujisogeza. Kisha anauliza kwa adabu kama hita imewashwa. Kisha harufu. Na milango ni miwili tu! Wa nyuma hatoki mpaka wa mbele ashuke na kulaza kiti chake, na wa mbele bado anabishana kwamba ni harufu ya taka zinazochomwa barabarani.

Utaratibu: simamisha gari, zima, wote nje. Kiti cha nyuma hakina bolti, kinyanyue ukingo wa mbele, kivute, kitupe mbali na gari. Halafu ondoa waya wa hasi. Kiti kimwagieni maji kikiwa chini, siyo juu ya betri.

Kinga ni rahisi. Rudisha mfuniko, au kata kipande cha raba nene kifunike pole zote mbili, kifungwe kisihame. Kujua kama betri ni ndefu mno, kanda unga kama wa chapati, weka bonge kwenye kila pole, rudisha kiti, wakae watu wawili wazito warukeruke. Toa kiti, pima bonge. Likibaki chini ya sentimita 2, badilisha betri. Waya wa hasi uwe umefunguliwa wakati wa kipimo, tafadhali.

Mtaa wa Pili
"Anauliza kwa adabu kama hita imewashwa" 😂😂😂

Binti Njombe
Mbavu zangu jamani. Wa nyuma kulia!

Dereva wa Pwani
Tuje kwenye joto la injini. Kwa Dar na Mombasa dawa ni moja: toa thamostati (kile kinachofungua na kufunga milango ya hewa ya kupoza kufuatana na joto), tegesha mfuniko wa injini kwa kipande cha mti, injini ipumue.

Mzee wa Gerezani
Hapana mkuu, hapo unaiua. Injini hii inapozwa kwa upepo wa feni, na feni inavuta kutoka chumba cha juu. Chini ya mabati ndiko kwenye joto la ekzosi. Raba inayozunguka injini ndiyo inayotenganisha pande mbili. Ikikatika, feni inavuta joto lake yenyewe, na hapo hata ukiutoa mfuniko wote haisaidii. Badilisha raba. Thamostati nayo ikiharibika inatanuka na kuacha milango ya hewa wazi, kwa hiyo haijawahi kuunguza mtu. Iache.

Dereva wa Pwani
Mbona nyingi zinategeshwa na zinatembea miaka?

Mzee wa Gerezani
Fungua silinda namba 3 za hizo nyingi uone valvu ya ekzosi. Kipoza oili kimewekwa ndani ya boksi la feni, kinaziba upepo wa upande wa kushoto. Walikuja kukihamisha kwenye modeli ya 1971. Za kabla ya hapo, silinda 3 ndiyo inayokufa kwanza.

Spana 13
Msigombane, rekebisheni valvu. Kila kilomita 5,000, injini imelala usiku kucha, pengo milimita 0.15. Spana 13, bisibisi bapa, fila geji (vibamba vya kupimia pengo). Mfuniko wa distribyuta (kinachogawa umeme kwa plagi) utoke, zungusha puli mpaka rota ielekee alama ya silinda 1, rekebisha zake mbili. Kisha rudisha puli kinyume nusu mzunguko: unapata 2, tena nusu 3, tena nusu 4. Valvu inayogonga inakera tu. Inayonyamaza ndiyo inayoungua, maana pengo limekwisha na haikai chini kupoa.

Bi Kabureta
Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, usiseme nitafika. Mkanda ule ule unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni. Umekatika, hakuna upepo. Simama hapo hapo. Kukaza: nati ya 21, puli ni vipande viwili, katikati kuna washa nyembamba. Ukitoa washa moja ndani mkanda unakaza, na hiyo uliyotoa uiweke nje chini ya nati isipotee. Ukibonyeza kwa kidole gumba uingie milimita 15.

Dereva wa Pwani
Hilo la mkanda nakubali. La mfuniko bado.

Binti Njombe
Huku kwetu shida si joto. Asubuhi ya baridi na ukungu kabureta inaganda barafu, inazima kila ukiachia mafuta, ukisubiri dakika kumi inawaka yenyewe kama haijafanya kitu. Watu wanabadilisha plagi bure. Kosa ni bomba jembamba la moshi linalopasha shingo ya kabureta, limeziba masizi. Lishike injini ikiwa imechemka: likiwa baridi limeziba.

Mtaa wa Pili
Oili mnaweka ipi?

Spana 13
20W-50. Lita 2 na nusu, basi.

Mzee wa Gerezani
SAE 30 ya kawaida. Hiyo lita 2 na nusu tunakubaliana. Chujio la chini nati sita ndogo, washa mpya za shaba, zikazwe kwa mkono mwepesi.

Reli ya Tanga
Na nati ya ekseli ya nyuma, ya 36? Inataka Nm 300 (kipimo cha nguvu ya kukaza) na hakuna mwenye spana ya kupimia ya ukubwa huo.

Bi Kabureta
Gari chini, hendibreki, gia ya kwanza. Spana iwe mlalo, ichomekwe bomba. Mtu wa kilo 60 asimame sentimita 50 kutoka katikati ya nati, bila kuruka. Tundu la pini lisipolingana, ongeza kukaza kidogo, usirudishe nyuma.

Reli ya Tanga
Wa kilo 83 asimame wapi?

Bi Kabureta
Sentimita 36. Sawa na nati.