Nilitania macho ya mshkaji kwenye grupu la mpira, kumbe ni mgonjwa. Namuombaje radhi mbele ya wale wale waliocheka?

Mtoto wa Buguruni

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi, leo siku ya nne.

Tuna grupu letu la WhatsApp la mpira, watu kama 140 hivi, wengi tumekua mtaa mmoja. Humo ni utani wa Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku, mnajua wenyewe wiki ya dabi inavyokuwa. Sasa kuna mshkaji mmoja ni Simba damu, mpole, haongei sana, na macho yake tangu utotoni yana umanjano fulani hivi. Jumamosi akatuma picha kavaa jezi mpya nyekundu, mimi bila kufikiri nikaandika "jezi ya Msimbazi lakini macho yamekataa, macho yanajua kwao ni Jangwani". Watu walicheka mno. Mtu mmoja akaikata ile picha yakabaki macho tu, akazungushia kijani na njano akatengeneza stika, ikaanza kuzunguka mpaka magrupu mengine. Na mimi niliituma mara mbili tatu, sitaki kudanganya.

Yeye akaweka kaemoji kamoja ka kucheka halafu kimya. Jumapili akajitoa grupuni. Nikajua kanuna kwa sababu ya mpira. Jumatatu dada yake akanipigia, aliongea taratibu hata sauti hakupandisha, akaniambia kaka yake ana siko seli tangu mtoto na ule umanjano ndo ugonjwa wenyewe, na kwamba ile picha aliipiga kwa sababu alikuwa katoka wodini wiki iliyopita na Jumamosi ndo siku ya kwanza amejisikia kuvaa akatoka nje.

Niliishiwa nguvu. Tumecheza wote chandimu miaka na miaka, yeye siku zote anakaa golini anasema pumzi inakata, hatukuwahi kuuliza kwanini.

Nataka kuomba radhi kule kule grupuni. Ila wengi kule hawajui anaumwa nini, nikiandika "nisamehe sikujua unaumwa" si ndo ntakuwa nimemtangaza? Na nikimfuata pembeni tu, wale 140 wanabaki na stika yao. Nifanyeje?

Fundi Gereji

Umemuaibisha uwanjani halafu ukamuombe radhi chumbani? Hapana mkuu. Andika pale pale, na iwe leo.

Kobe la Pwani

Mi naona mnakuza mambo. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, miaka yote hiyo hawa watu wanataniana, wanaitana majina yote, nani kaombwa radhi? Mwanaume mwenzio unamfuata kwao, mnakula nyama choma, mnacheka yanaisha. Ukianza kuandika mibarua grupuni ndo unazidi kumuaibisha mshkaji.

Mama Naila

Kobe mwanangu, sikubaliani na wewe na nakuomba unisikilize kidogo.

Mimi nina binti wa miaka 13 ana ugonjwa huo huo. Chembe nyekundu za damu yako wewe zinaishi kama siku 120, za kwake zinaishi siku 10 mpaka 20 zinavunjika, na zikivunjika ndo inabaki hiyo njano mnayoiona machoni. Zinajikunja kama mundu, ndo maana wanaita selimundu, zikikwama kwenye mishipa hapo ndo mtoto analia mifupa usiku kucha unamkanda miguu unamnywesha maji mpaka kunakucha, na ikizidi mnakimbia hospitali saa nane za usiku na boda. Baridi inamletea, kiu inamletea, malaria inamletea. Na akiwa na mawazo mengi pia, kwa hiyo msidhani maneno yanaishia masikioni.

Sasa hayo macho. Darasani kwake wenzie waliacha kunywa maji kikombe kimoja naye, wakasema ana homa ya ini atawaambukiza, wakati huu ugonjwa hauambukizi kabisa, unarithiwa, tena kwa baba na mama wote wawili. Mimi na mume wangu ni wazima, kumbe kila mmoja alikuwa kabeba vinasaba vyake na hatukujua mpaka tulipompata yeye. Kuna asubuhi nilimkuta mbele ya kioo cha kabati amevaa soksi mguu mmoja, kashika kope ya chini kwa kidole anaivuta, anaangalia jicho. Akaniuliza, mama leo yamepungua? Nikamwambia yamepungua. Hayakuwa yamepungua. Siku hiyo ilikuwa ya kupiga picha ya darasa, na picha ilivyokuja nikakuta kainamisha kichwa, uso hauonekani vizuri.

Huyo rafiki yako alituma picha anaangalia kamera. Fikiria hilo.

Kwa hiyo usimwambie Kobe ndio. Omba radhi mbele za watu. Ila ugonjwa ni wake na siri ni yake, usitaje ugonjwa, usitaje hospitali, usiseme "hali yake". Na kabla hujaandika neno lolote grupuni nenda kwake kwanza umuulize anatakaje.

Kobe la Pwani

Mama nimekuelewa. Hilo la kikombe limenigusa maana hata sisi tulimfanyia mtu hivyo shuleni.

Mzee wa Faili

Naunga mkono mama hapo, aanze na mwenyewe. Mwaka 2009 Obama akiwa rais alienda kwenye kipindi cha Jay Leno, wakawa wanaongelea mchezo wa bowling, akatania kwamba anavyocheza yeye ni kama Special Olympics, ile michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Kipindi kilikuwa kimesharekodiwa ila hakijarushwa, akampigia simu Tim Shriver mwenyekiti wa Special Olympics akaomba radhi kabla watu hawajaona chochote hewani. Hakusubiri kelele za watu zimlazimishe. Wewe kelele hakuna, hata mwenyewe hajakulalamikia, na kwa mawazo yangu hapo ndo msamaha unapokuwa na uzito kuliko ukisukumwa.

Mtoto wa Buguruni

Asanteni sana, mama Naila umeniliza kwakweli. Ntaenda leo jioni kwao. Nimeandaa na maneno ya grupuni, naombeni mniangalizie:

"Wakuu samahanini kama kuna mtu nilimkwaza juzi, ulikuwa utani tu wa mpira, sikuwa na nia mbaya wala sikujua. Tusameheane maisha yaendelee."

Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimesoma mara mbili, hiyo futa uanze upya.

"Kama kuna mtu nilimkwaza". Unamjua mtu, unajua umemkwaza, na dada yake alikupigia simu. Hilo "kama" linamgeuza aliyeumia kuwa ndo mwenye kuthibitisha kwamba ameumia. "Utani tu", maana yake wewe huna kosa, yeye ndo hajui utani. "Tusameheane", yeye amekukosea nini? Mwenye kosa hapo ni mmoja. Na "maisha yaendelee" unawaomba watu wasahau haraka kwa faida yako.

Halafu hili la utani, maana naona limetajwa sana. Mimi ni Mngoni, mtani wangu ni Mhehe, mababu zetu walipigana vita wakamalizia kwenye utani. Kwenye msiba wa baba yangu mtani alikuja akajilaza mbele ya jeneza akasema hatoki mpaka apewe hela, tukacheka huku tunalia, ikawa faraja kubwa kwetu. Lakini angalieni yule mtani alifanya nini, alikuja msibani, alibeba jeneza, alichimba kaburi, alilala pale siku tatu. Haki yake ya kututania aliilipia kwa kuwa karibu nasi siku mbaya. Wewe ulimtania huyo mwenzio mwili wake na hata siku moja hukujua kalazwa. Sisemi kukuumiza, nasema ili ujue kilichopungua ni nini.

Taja jina lake au usitaje kadri atakavyotaka mwenyewe. Sema ulichoandika, sema ni kosa, sema ni lako. Mistari mitatu minne basi. Ukirefusha unaanza kujionea huruma mbele za watu, na watu wataanza kukufariji wewe.

Mtoto wa Buguruni

Shikamoo mwalimu. Nimefuta yote.

Zuhura K

Na ile stika je? Mbona hakuna anayeiongelea. Ujumbe unaweza kufutwa lakini stika mtu akishaihifadhi kwenye simu yake imebaki humo hata kama wewe umefuta kwako. Mtaomba radhi vizuri halafu mwezi ujao Simba ikifungwa mtu anaitoa tena. Kama ni msamaha wa kweli lifuatilie na hilo.

Mtoto wa Buguruni

Wakuu narudisha mrejesho kama nilivyoahidi.

Nilienda jana. Nilimkuta uani kajifunika shuka la Kimasai na joto lote lile, ana chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno yote yakapotea, nikamwambia nimekukosea, nilitania macho yako mbele za watu na niliituma ile stika mimi mwenyewe, naomba unisamehe. Akakaa kimya muda mrefu, akasema "nilijua utakuja, sikujua lini". Akaniambia kilichomuuma sio sana maneno, ila alifungua stika akahesabu waliocheka, akakuta majina ya watu aliowahi kuwachangia wakiwa na shida.

Nikamuuliza habari ya grupu. Akasema andika, jina nitaje maana wote wanajua ni mimi, ila usiseme naumwa. "Sitaki kila nikituma goli mtu ananiuliza unajisikiaje."

Nimeandika hivi usiku, nilimsomea kwanza kwa simu akakubali (hapa jina lake nimelitoa):

"Jumamosi niliandika maneno ya kumcheka ndugu yetu macho yake alipotuma picha. Halikuwa jambo la mpira, nilimcheka mwili wake, na nilisambaza ile stika. Ni kosa langu. Nimeshamwomba radhi mwenyewe na sasa namwomba mbele yenu mliosoma. Mwenye ile stika naomba aifute."

Kukawa kimya kama dakika kumi. Kisha aliyeitengeneza akaandika "na mimi naomba radhi", wakafuata wengine, mmoja akaanza kuleta ubishi kwamba tunaua utani, admini akamwambia apumzike. Yeye mwenyewe bado hajarudi grupuni na sijamwambia arudi.

Zuhura, la stika umenisaidia sana. Nimeanza kupiga simu mmoja mmoja kwa wale niliowaona wameitumia, nahesabu watu kumi na saba, kumi na nne wamefuta, wengine wamenitumia na picha ya simu kuonyesha. Wawili hawapokei. Mmoja yuko grupu la kazini kwao, na huko ilishafika, kwa hiyo kesho naenda mwenyewe.

Mama Naila naomba nikuulize kitu kimoja. Anasema baridi ya alfajiri ndo inamsumbua zaidi akienda kazini na daladala. Binti yako unamvalisha nini asubuhi?

Mama Naila

Sweta ndani ya koti, soksi ndefu mbili, na kofia ya kuziba masikio. Mwambie asikae dirishani. Na chupa ya maji aitie ya vuguvugu, sio ya kwenye friji.