Kitabu cha manyani

*Kikundi: WANA WA CHUMBAGENI*

20:04 Da Zai: Assalaam aleikum ndugu zangu. Bibi anaulizia kile kitabu Babu alichokuwa akitusomea barazani. Macho hayamruhusu tena, anataka asomewe. Jina kalisahau. Kila mtu aandike anachokikumbuka.

20:41 Da Zai: Mbona kimya? Tiki za bluu naziona.

20:43 Juma Mwanza: Waaleikum salaam. Si Mashimo ya Mfalme Sulemani?

20:44 Da Zai: Siyo, kile kina Wazungu. Hiki yumo bwana anawachapa manyani wawili viboko kila usiku, halafu analia na kuwalisha.

20:45 Shabani: Nyani mmoja jina lake Juma 😂

20:45 Juma Mwanza: Na mwenzie ndiye aliyefukua ubwabwa wa wageni Idi ile 😂😂

20:47 Da Zai: Jamani! Bibi yupo hapa ubavuni anasubiri.

20:52 Mama Swaumu: Mie nakumbuka mji ambao watu wote wamegeuka mawe. Sikulala usiku ule. Jina tungelijuaje, jalada lilishachanika zamani.

20:58 Hamisi: Sanduku la Babu lingekuwepo tusingetafuta. Kurasa zilifungiwa karanga sokoni.

21:01 Baba Mdogo Rama: Unanisema mimi?

21:01 Hamisi: Baba Mdogo, sijataja jina. Ufunguo ulikuwa kwa nani baada ya arobaini?

21:02 Baba Mdogo Rama: Nyumba inavuja, mchwa wamejaa, wewe uko Dar hata kuja kufagia hukuja. Leo unauliza ufunguo?

21:03 Da Zai: Nawaomba, si leo.

21:20 Da Zai: Bibi kaniambia niandike hivi hivi: "Rama, na wewe Hamisi. Sanduku lisitajwe tena humu nikiwa hai. Mie natafuta kitabu, sitafuti mwizi. Na wale manyani walikuwa ndugu zake yule bwana, walimtosa baharini kwa kijicho. Hilo mmelisahau, mmekumbuka viboko."

21:49 Hamisi: Nisamehe Bibi.

21:50 Baba Mdogo Rama: Nimesikia Mama.

22:15 Mwalimu Asha: Ndiyo kwanza namaliza kusahihisha mitihani. Jamani, hicho ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii! Kilitoka 1952. Adili ni mtawala wa Janibu, manyani ni kaka zake Hasidi na Mwivu. Aliyewageuza ni Huria, binti wa kijini, na ndiye aliyemwamuru awachape kila usiku. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, ndiye aliyechungulia akaona.

22:16 Shabani: Kumbe Babu alinipa jina kwa makusudi ❤️

22:18 Da Zai: Alhamdulillah! Nimemsomea, kadakia mwenyewe "Huria!" kabla sijafika. Nani yuko Dar apite maduka ya vitabu kule Samora?

22:20 Juma Mwanza: Natuma elfu kumi.

22:26 Hamisi: Jumamosi nitapita, nikiwahi kutoka kazini. Nikipata nakipandisha basi.

22:27 Baba Mdogo Rama: Kiandikwe jina langu, nikichukue stendi. Nitamsomea mimi, kama marehemu alivyokuwa akisoma.

22:29 Hamisi: Kwa nini kwako? Si kiende kwa Da Zai moja kwa moja?

22:30 Mama Swaumu: Asha, ule mji wa mawe nao si umo humo humo?

22:31 Mwalimu Asha: Umo.

22:34 Da Zai: Hamisi nakupigia, pokea simu.