Ushauri wakuu: mhusika wangu alimsaliti mdogo wake vitani, majuto yake niyaandikeje?

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya, kuna baba wakati wa vita aliwaonyesha wanajeshi alipojificha mdogo wake ili wawaachie wanawe, mdogo mtu akauawa, sa hivi vita imeisha na anaishi nyumba moja na mama yao mzazi ambaye hajui kitu. Shida kila nikifika kwenye majuto naye analia na kujieleza kurasa nzima, nikirudia kusoma simwamini kabisa. Halafu hata hatia yenyewe inanichanganya, maana angenyamaza wangekufa watoto. Je, akiri kwa mama au afe nalo moyoni?

Seremala wa Maneno: Machozi punguza mkuu. Tafuta A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1967. Gikonyo alikiri kiapo cha Mau Mau akiwa kizuizini kwa wakoloni, kwa hamu ya kurudi kwa mkewe Mumbi, anarudi baada ya miaka sita anakuta mke kazaa na Karanja. Ana aibu ya kukiri, ana hasira ya kusalitiwa, na vyote vinamwangukia mtoto asiye na kosa! Hahutubii, anajizika kwenye kazi. Hata mwishoni moyo wake unapolainika yuko hospitali anawaza kigoda cha kumchongea Mumbi, anabadilisha umbo la yule mwanamke wa kwenye kigoda, anaamua awe mjamzito. Basi. Mpe baba yako kitu cha kufanya kwa mikono.

Bi Msomi: Mie nasema huyo mama anajua. Kwenye All My Sons, tamthilia ya Arthur Miller ya 1947, Joe Keller kapeleka vipuri vibovu vya injini za ndege za kivita, marubani 21 wamekufa, anajitetea eti alifanya kwa ajili ya familia. Mkewe Kate anagoma kukubali kwamba mtoto wao Larry, naye rubani aliyepotea vitani, kafa. Mwanzo unadhani ni uchungu wa mzazi tu, kumbe akikubali mwanae kafa, basi kauawa na baba yake. Mama yako asiseme kitu, awe anauliza tu mara kwa mara, "Mlipoagana mdogo wako alikwambia nini?" Huyo baba atajibu nini kila siku?

Mzee wa Riwaya: Kukiri usikutegemee sana. Atonement ya Ian McEwan, 2001, Briony akiwa na miaka 13 anatoa ushahidi wa uongo, Robbie anafungwa, kisha anaenda vitani. Baadaye unagundua ile sehemu anayokutana na Robbie na Cecilia, dada yake Briony na mpenzi wa Robbie, kutaka kurekebisha mambo kaitunga mwenyewe, wote wawili walishakufa 1940. Mwenye kusamehe kwenye hadithi yako ni marehemu, mama hawezi kusamehe kwa niaba yake.

Seremala wa Maneno: Hapo tunatofautiana mzee wangu. Mugo kwenye kitabu hichohicho cha Ngũgĩ alikiri mbele ya umati kwamba ndiye aliyemuuza Kihika, mpigania uhuru, wakati watu walikuwa wanamshuku Karanja. Hakusamehewa, lakini mtu mwingine hakubebeshwa msalaba wake. Kwenye riwaya yako nani anashukiwa?

Mwenye uzi: Shemeji yao. Kijiji kizima hakimsalimii, na baba anamwangalia tu. Asanteni sana, nadhani akiri, ila amwambie shemeji kabla ya mama. Bi Msomi lile swali la mama naliweka sura ya kwanza.

Bi Msomi: Na wale watoto waliookolewa usiwasahau, mkubwa wao lazima alimsikia baba yake akitaja ile sehemu.