Paka wangu manyoya yanapukutika, au ni ugali?

Wakuu habarini, paka wangu manyoya yamekakamaa kama katani, ukimpapasa mkono unajaa mba. Anakula ugali na mchuzi wa dagaa, nyama mpaka sikukuu. Chakula kinahusika?

>> Kinahusika sana mkuu, paka ni mla nyama na manyoya yake karibu yote ni protini, sasa ugali utamjengea nini? Mpe kuku, dagaa wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, na maini kidogo.

>> Maini yasiwe kila siku jamani, vitamini A ikizidi inaharibu mifupa.

>> Angalia viroboto kwanza, mimi paka wangu nilimlisha samaki mwezi mzima kumbe wadudu tu 😂

>> Duh, nimemfunua manyoya karibu na mkia kuna vichenga vyeusi kama pilipili manga, huenda ni kinyesi cha viroboto