Sikio moja limesimama, la pili limelala: mbwa wa miezi mitano

Michongoma_Buswelu
Wakuu habari za muda huu. Nina dume la German Shepherd, muuzaji alisema ni mbegu safi. Ana miezi mitano kasoro wiki, kilo 19, chakula chake ni ugali wa dona na mapanki (mabaki ya mifupa) ya sangara. Sikio la kulia limesimama wima. La kushoto lilisimama wiki mbili, kisha likalala tena kuanzia katikati. Je, nimeuziwa chotara? Halafu nimeshauriwa nimchanganyie unga wa chokaa ule wa kuku ili gegedu, ule mfupa laini wa sikio, likaze, ni sahihi? La mwisho: hapa mtaani wanasema mbwa wa masikio yaliyolala ni mpole mno kulinda, bora nimbadilishe nitafute Doberman aliyekatwa masikio, au Boerboel. Nyumbani kuna watoto wa miaka 4 na 7, na boma halina ukuta, ni michongoma tu.

Gegedu
Mkuu, punguza presha. Kati ya miezi minne na sita mbwa anabadilisha meno, na kwa German Shepherd ni kawaida masikio kupanda na kushuka kipindi hicho. Wiki hii yote mawili juu, wiki ijayo moja limelala, nyingine yameegemeana juu ya kichwa kama paa la kibanda. Sikio ambalo limeshasimama hata mara moja lina nafasi kubwa ya kusimama tena.

Pima hivi. Shika shina la sikio kwa vidole viwili, pale linapotokea kwenye kichwa. Likiwa gumu kama gegedu la sikio lako mwenyewe na kinachoanguka ni nusu ya juu tu, subiri. Likiwa laini kama kitambaa tangu shinani, hapo uchotara unawezekana, ingawa hata mbegu safi wapo ambao sikio halisimami maisha yao yote kwa sababu ni kubwa na zito. Sikio peke yake halithibitishi mbegu. Akifika miezi minane bado limelala, hesabu ndivyo litakavyobaki.

Chokaa acha kabisa. Mtoto wa mbwa wa umbo kubwa hana uwezo wa kukataa kalisi (kalsiamu, ndiyo iliyomo kwenye chokaa) inayozidi. Utumbo wake unaipitisha tu kwenda kwenye damu, na matokeo yake ni miguu ya mbele kupinda, viungo kuuma na mifupa kukua vibaya. Sikio litasimama kwa mbwa anayechechemea. Mapanki unayompa tayari yana kalisi, maana ni mifupa mitupu iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Kinachoweza kupungua kwenye sufuria yako ni nyama, si chokaa. Ongeza dagaa, maana huliwa mzima na nyama yake. Wale walioanikwa mchangani waoshe maji matatu, shika sufuria chini: ukisikia inakwaruza, bado kuna mchanga. Mapanki chemsha mpaka uti wa mgongo usagike ukiubonyeza kwa vidole, kisha toa mbavu na miiba ya mapezi kwa mkono. Samaki mbichi usimpe.

Mlinzi wa Mawe
Nijibu hilo la ukali, maana limewapotezea watu hela nyingi hapa mjini.

Doberman anazaliwa na masikio yaliyolala. Yale yaliyochongoka unayoyaona ni kazi ya kisu akiwa na wiki saba mpaka kumi na mbili, na baada ya hapo miezi ya kufungwa bandeji. Hayo hayamwongezei ukali. Ujerumani kwenyewe alikotoka, na Uingereza pia, kukata masikio ni marufuku. Mtaani hufanywa bila ganzi na watu wasio madaktari, kidonda kinaoza, sikio linaponea limejikunja. Na kuna hasara nyingine haisemwi: mbwa huongea kwa masikio. Yakivutwa nyuma na kubana kichwa, ana hofu. Yakielekea mbele na mwili umekakamaa, anapima kama ashambulie. Ukiyakata, mtoto wako anapoteza onyo la kwanza kabla ya meno.

Sasa angalia mbwa wenyewe. Rottweiler, sikio la pembetatu limelala shavuni: mlinzi. Boerboel wa Afrika Kusini, limelala: mlinzi mzito, wengi wanavuka kilo 60. Ridgeback, yule wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, limelala: aliwindia simba, na kwa mgeni ana wasiwasi. Upande wa pili kuna Husky, masikio wima kama mbweha, na mwizi atampokea kwa mkia. Basenji wa Kongo, wima kabisa na paji limekunjamana, ila habweki, anatoa sauti kama ya kuimba. Utamfanya mlinzi gani huyo?

Kinachounda tabia ni kazi ambayo mababu zake walichaguliwa kuifanya, kisha malezi. Uhusiano wa sikio na upole upo, lakini si huo wa mtaani. Kule Siberia mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha kwa kuchagua wapole tu. Baada ya vizazi kadhaa baadhi yao wakaanza kuwa na masikio yaliyolala na mikia iliyojikunja. Upole ulichaguliwa, sikio likafuata. Huwezi kulisoma kinyume ukasema kila sikio lililolala ni upole, kwa sababu kwa mbwa wa leo watu wamechagua umbo la sikio kwa macho tu.

Kwa boma la michongoma na watoto hao, Boerboel ningemkataa. Si kwa sababu ni mbaya. Kilo 60 akicheza tu anamwangusha mtoto wa miaka 4, na ua wa michongoma hautamzuia akiamua kutoka. Beagle naye usijaribu: sikio refu laini, rafiki wa watoto, lakini pua ikinasa harufu ya paka atapita chini ya michongoma na kuita kwako ni kelele tu. Jack Russell, yule sikio linalosimama kisha ncha inaanguka mbele, ni king'ora kizuri, ila atakuchimbia boma zima. Huyo German Shepherd uliye naye ndiye anayefaa. Mfundishe kukaa, kuja akiitwa na kuacha alichoshika, dakika tano asubuhi na tano jioni, na azoee wageni mchana. Kumfunga mnyororo kutwa nzima kunazaa mbwa wa hofu, na mbwa wa hofu huanza kuuma watu wa nyumbani.

Fundi Bandeji
Akimaliza meno na sikio bado limelala, kuna kulitegemeza. Si kabla ya hapo. Safisha ndani ya sikio, kausha. Kata sponji la godoro lenye unene wa vidole viwili, urefu uishie sentimita mbili chini ya ncha. Liweke ndani bila kuziba tundu, kunja kingo za sikio zilizungushe, kisha zungusha plasta ya karatasi ya hospitali kutoka chini kwenda juu. Kidole chako kidogo kipite kati ya plasta na ngozi. Unganisha masikio mawili kwa kipande cha plasta katikati yasiangukie pembeni. Siku tano mpaka saba, toa kwa kulowesha, pumzisha siku mbili, rudia likianguka.

Wanaoharibu ni wale wa solotepu ya umeme na gundi kali: ngozi inang'oka. Wengine wanabana mno, damu haipiti. Ncha ikiwa ya baridi, ikivimba au ikitoa harufu, fungua saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Msimu wa mvua hapa kwetu usifanye kama banda linavuja, plasta ikilowa inaotesha fangasi.

Ufukweni
Mmeongelea umbo, mmesahau afya, na kwetu kando ya ziwa ndiko masikio yanakoharibikia. Tundu la sikio la mbwa linashuka chini kisha linapinda kuelekea ndani, kwa hiyo maji ya ziwa yanatuama kwenye kona. Cocker Spaniel na Basset wanaumia zaidi, sikio limefunika, hewa haipiti. Cocker akianza kung'aka akiguswa kichwa msiseme ana tabia mbaya, mwangalieni sikio kwanza.

Baada ya kuogelea kausha kwa pamba mpaka pale kidole kinapofika. Vijiti vya pamba hapana, vinasukuma uchafu kwenye kona. Harufu ya hamira na nta ya kahawia ni fangasi. Uchafu mweusi mkavu kama makapi ya kahawa ni utitiri. Usaha wa njano, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kutia dawa yoyote, kwa sababu ngoma ya sikio ikiwa imetoboka dawa nyingine zinamtia uziwi. Spiriti na mafuta ya kula msitie.

Sikio likivimba kama mto mdogo wa maji, ni damu iliyojaa kati ya ngozi na gegedu kwa sababu ya kutikisa kichwa. Msitoboe kwa sindano nyumbani, inajaa tena. Daktari anaitoa na kushona, halafu anatafuta kilichomfanya atikise.

Kwa masikio yaliyosimama adui ni inzi wanaouma, wanakula ncha mpaka zinaota magaga meusi. Wanazaliana kwenye samadi na majani yanayooza. Ondoa samadi karibu na banda, osha ncha kwa maji ya chumvi, paka vaselini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kukisia kipimo, inaua. Na kupe mtafute kwenye kile kifuko kidogo cha ngozi ukingoni mwa sikio, upande wa nje karibu na shina. Watu wanakagua sikio zima wanakiruka. Mshike kwa kibanio karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti hapana. Fizi zikiwa nyeupe au mkojo mwekundu, hiyo ni homa ya kupe, usilale nayo.

Michongoma_Buswelu
Nashukuruni sana wakuu. Nimeshika shina, ni gumu. Nimemfungua mdomo: upande wa kushoto juu chonge ziko mbili zimebanana, nyembamba kama sindano na nene inayoota. Kulia iko moja nene tu.

Gegedu
Hiyo nyembamba ni ya utoto, imegoma kudondoka. Mpe kitu cha kutafuna, ila asiachwe peke yake nacho. Ikiwa bado ipo akitimiza miezi sita, daktari aing'oe kwa ganzi, maana inaisukuma chonge mpya nje ya mstari na chakula kinaozea katikati. Usiing'oe kwa koleo, mzizi wake ni mrefu kuliko unavyoonekana na ukikatikia ndani utaleta jipu. Ukienda huko nenda na kadi ya chanjo: kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, umri wa kuchanjwa, miezi mitatu, ulishapita.