Lenzi ndefu jukwaani: shabiki anaruhusiwa kupiga picha gani?

BabaWaUmoja

Habari zenu nyote. Nina kamera ya Canon niliyoinunua mtumba pale Luthuli hapa Nairobi, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Binti yangu yuko Gredi ya 8 na ni mgonjwa wa mpira, kwa hiyo nilimpeleka kuona mechi ya ligi katika uwanja mmoja hapa jijini. Tikiti zote mbili nimelipia. Kufika getini, askari akafungua begi, akaona lenzi, akasema: "Hiyo ni ya waandishi wa habari, rudisha kwa gari." Sisi tulikuja na matatu. Ikabidi nimwachie begi mama mmoja anayeuza soda nje, nikaingia na roho ikabaki kwake mpaka filimbi ya mwisho.

Kilichoniuma ni kwamba mle ndani kila mtu alikuwa ameinua simu anarekodi, na simu za siku hizi zinavuta mbali ajabu. Sasa nauliza: kuna sheria inayomkataza shabiki kupiga picha? Ni lenzi tu ndiyo shida? Na picha zangu naweza kuziweka Facebook? Tunapanga kwenda Kasarani, na sitaki kumwaibisha mtoto tena.

KijanaWaKaloleni

Mzee, chomoa lenzi kwenye kamera, iweke ndani ya koti la binti. Wasichana hawapekuliwi sana. Ukishaingia, nani atakuuliza?

LenziYaMakadara

Kijana, usimfundishe mtu kumtumia mtoto kupitisha kitu getini. Akikamatwa, atakayesimamishwa kando mbele ya watu ni yule msichana, na baba yake ameshasema hataki aibu.

BabaWaUmoja, pole sana. Mimi hupiga picha za mpira, siku nyingine nikiwa kando ya mstari na kizibao cha wapiga picha, siku nyingi jukwaani kama wewe. Kukaa jukwaani ukapiga picha ya mchezo si kosa la jinai. Kinachokubana ni masharti ya kuingia. Nyayo na Kasarani viko chini ya Sports Kenya, lakini siku ya mechi neno la mwisho getini huwa la mwandalizi: klabu mwenyeji, shirikisho, au CAF (shirikisho la soka Afrika) ikiwa ni mashindano yao. Ndiyo maana kiti kilekile cha Kasarani kinaweza kuwa na masharti makali Agosti 2025 wakati wa CHAN, mashindano ya CAF, halafu kwenye mechi ya ligi ya katikati ya wiki hakuna anayejali.

Hofu yao kubwa ni pesa za matangazo. Mtu amenunua haki ya kuonyesha mchezo, hataki bao lionekane bure kabla hajalionyesha yeye. Mwaka 2014 Ligi Kuu ya Uingereza iliwaonya mashabiki waliokuwa wakirusha mabao kwenye Vine, mtandao wa video fupi, na video zile zilikuwa za sekunde sita tu. Kwa hiyo video ya mchezo ukiendelea ni jambo zito kuliko picha ya kawaida, hata ukiirekodi kwa simu. Hofu ya pili ni mtu anayeuza picha bila kibali huku wenzake wameomba kibali kwa mwandalizi na kubeba kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Askari hawezi kuona nia yako, anaona urefu wa lenzi. Hapo ndipo ulipokwama.

Lakini wenzetu wa nje huandika masharti hayo mapema. Olimpiki ya London 2012 ilisema wazi kwamba vifaa vya picha vinavyozidi sentimita 30, tripodi na monopodi vikiwemo, haviingii. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalichagua kipimo kingine, cha uwezo wa kuvuta mbali: lenzi inayozidi milimita 300. Yako ingepita huko! Unaweza kukubaliana na vipimo hivyo au usikubaliane, ila mtu anavijua kabla hajapanda gari. Hapa kwetu unavijua ukiwa umesimama kwenye foleni, mtoto mkononi, watu wanakusukuma nyuma. Hilo linanikasirisha na sitaacha kulisema: kama tikiti sasa zinauzwa kwa simu, kuongeza mstari mmoja kuhusu kamera hakugharimu kitu.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Nenda Camp Toyoyo pale Jericho siku ya mechi ya ligi ya chini, au mechi ya wanawake. Mara nyingi hutaona mwandishi hata mmoja. Picha pekee ya yule beki wa kushoto akiwa na miaka kumi na tisa itakuwa ya shabiki aliyebeba kamera kwa mapenzi yake. Tukiwafukuza watu kama wewe getini, vijana hao watazeeka bila picha moja ya kuwaonyesha watoto wao kwamba waliwahi kucheza.

Kwa safari yenu, waulize waandalizi mapema kwa maandishi kupitia ukurasa wao rasmi, ukitaja lenzi yako, na ubebe jibu kwenye simu. Fika mechi ikiwa imebakiza saa mbili kuanza, maana askari asiye na foleni husikiliza. Tripodi na selfi stiki ziache nyumbani, zinaziba macho ya walio nyuma. Zima flashi. Kutoka jukwaani hadi uwanjani ni makumi ya mita, mwanga wa flashi hauvuki hata robo ya umbali huo. Utamulika visogo vya watu wa mbele na kuwasumbua bure. Usiku panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200, kasi ya shata usiishushe chini ya 1/500 ya sekunde, na uvumilie punje kidogo kwenye picha. Droni usiiwaze kabisa: inahitaji kusajiliwa na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na Rais akihudhuria, walinzi wakisema kamera irudi, irudishe.

WakiliWaSouthB

Dada LenziYaMakadara amesema vizuri, niongeze upande wa watu wanaoonekana kwenye picha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo haikufuati kwa albamu ya familia. Kifungu cha 51 kinaacha nje matumizi ya binafsi na ya nyumbani. Picha ya jukwaa zima likishangilia haina shida. Uso wa mtu mmoja ukiutumia kutangaza biashara bila idhini yake ni habari nyingine. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali.

Hakimiliki ya picha uliyopiga ni yako, lakini masharti ya tikiti yanaweza kukuzuia kuiuza.

BabaWaUmoja

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nitawaandikia waandalizi leo hii. Swali la mwisho: shule ya binti yangu ina mashindano ya riadha, na wazazi wengine wameniomba niwapigie watoto wao picha, watanilipa kidogo. Na mwalimu anataka zingine za ukurasa wa shule. Nifanyeje?

LenziYaMakadara

Hapo kuwa makini zaidi kuliko Kasarani, kwa sababu ni watoto. Kifungu cha 33 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka huohuo wa 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mzazi anayekulipa kwa picha ya mwanawe amekuidhinisha kwa huyo mmoja tu, si kwa watoto wanane waliokimbia naye. Kwa hiyo picha za mbio nzima mpe mzazi moja kwa moja, usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Za ukurasa wa shule, fomu ni kazi ya shule, si yako, ila usikabidhi picha kabla hujaona fomu zimesainiwa na wazazi. Fomu itaje picha zitawekwa wapi. Mwambie mwalimu wa michezo atume fomu nyumbani wiki ya mazoezi; asubuhi ya mashindano wazazi wanatafuta maji, viatu na namba ya mgongoni, na wengi watasaini bila kusoma.

Mzazi akikataa, omba uonyeshwe mtoto mwenyewe kabla mbio hazijaanza, ujue wa kumwacha nje ya fremu.